Chupa Sita, Masanduku Mawili

Wanandoa wengi hugombana kwa sababu zinazoeleweka: simu inayoita saa sita usiku, mshahara usioonekana, mawifi. Mimi na mume wangu tuna rekodi yetu ya peke yetu. Ugomvi mkubwa kuliko yote tangu tuoane ulihusu wiski, na wala hakuna aliyekuwa amelewa.

Ilikuwa Februari 2025. Wifi yangu, kitinda mimba wa kwao, alikuwa anaolewa mwishoni mwa Aprili, baada ya Pasaka. Anayezijua harusi za Dar anajua maana ya kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kundi la WhatsApp lisilolala, na lazima awepo mtu wa vinywaji. Huyu wa kwetu alikuwa baba mdogo. Aliposikia tunakwenda Dubai siku sita kusherehekea miaka mitatu ya ndoa yetu, akapiga simu siku hiyo hiyo. "Mwanangu, huko pombe ni bei ya maji. Tuleteeni katoni moja tu ya meza kuu. Hela nawatumia."

Katoni moja ni chupa 12. Mume wangu ni mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza akiongea na baba yake mdogo huwa ana jibu moja tu. "Hamna shida, baba." Mimi nilikuwa pembeni nakunja nguo. Nikamwangalia. Akageukia dirishani.

Sasa, mpenzi msomaji, usinielewe vibaya. Mimi si mlokole wala si askari. Glasi ya mvinyo Ijumaa jioni naijua vizuri sana. Ila kazi yangu ni mahesabu, na mtu wa mahesabu akisikia neno "bei rahisi" anauliza swali moja: rahisi mpaka wapi? Mpaka kwenye kaunta ya uwanja wa ndege wa Dubai, au mpaka mezani Mbezi?

Hapo ndipo wengi tunapochanganya. Neno dyuti-frii limetukaa kichwani kama vile ni baraka inayoifuata chupa popote iendapo. Si hivyo. Duka la namna hiyo linakusamehe kodi ya nchi unayoiacha, kwa sababu bidhaa hailiwi kule. Nchi unayoingia haijakusamehe chochote mpaka usome sheria yake yenyewe. Ndiyo maana unaweza kununua chupa halali kabisa, kwa risiti halali, na bado ukashuka Terminal 3 ukiwa unadaiwa.

Sheria yetu wala si ya kujificha. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na ni moja kwa Tanzania, Kenya, Uganda na wenzao. Kwenye jedwali lake la tano inasema msafiri aliyetimiza miaka 18 anaingiza bila ushuru pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili. Soma hilo "au" mara mbili. Huwezi kubeba wiski lita moja halafu ukaongeza mvinyo lita mbili ukidai kila kimoja kina haki yake. Unachagua.

Hesabu ya mvinyo ina mtego mdogo unaonifurahisha. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Mbili ni lita moja na nusu, uko salama. Ya tatu inakupeleka lita mbili na robo, umepita. Mke na mume wakiungana wana lita nne, na chupa tano ni lita tatu na robo tatu, kwa hiyo utasema zinaingia. Haziingii! Posho hiyo ni ya msafiri mmoja mmoja, si ya ndoa. Mmoja wenu atakuwa na chupa mbili, mwenzake tatu, na mwenye tatu ndiye mwenye deni. Mtoto wa miaka 17 mliyesafiri naye hahesabiki kabisa.

Na kuna wanaosema, "Si nina haki ya mizigo yangu binafsi? Si kuna kiwango cha dola mtu anaruhusiwa kurudi na vitu?" Kipo, lakini pombe imetengwa. Nguo, viatu na vyombo vina mlango wao. Pombe na tumbaku haviingii katika mlango huo zaidi ya ile lita. Mkoba wa dola 100 na wiski ya dola 100 ni vitu viwili tofauti mbele ya afisa forodha.

Yote haya nilimwambia mume wangu kabla hatujapanda ndege. Akaniambia ninasoma sana.

Msaada wake ulikuwa shemeji aliyeko London. Huyu shemeji, kwenye kundi la WhatsApp, aliandika kwa kujiamini kwamba mtu anaruhusiwa lita nne za pombe kali, yeye mwenyewe anaingia nazo Heathrow kila mwaka. Ni kweli kabisa, kwa kule. Tangu Januari 1, 2021, anayeingia Uingereza anaruhusiwa lita 42 za bia, lita 18 za mvinyo na juu yake lita nne za pombe kali. Ndani ya Umoja wa Ulaya ndiyo usiseme: mtu anatoka Ufaransa na gari lake kwenda Ubelgiji, anaweza kubeba hadi lita 90 za mvinyo kabla wenye forodha hawajaanza kumuuliza kama anafungua duka. Ukisikia hivyo unaona sisi tunabaniwa. Pengine. Lakini "matumizi binafsi" ni maneno ambayo kila nchi inayapima kwa kikombe chake, na kikombe cha shemeji kimebaki Heathrow.

Basi bwana, tukaenda. Dubai ilikuwa nzuri, sitawachosha. Ila bei ya maji aliyoisema baba mdogo hatukuiona mjini. Kule walikuwa wamefuta kodi ya pombe ya asilimia 30 mwanzoni mwa 2023, watu wakafurahi miaka miwili, halafu ikarudi Januari 2025. Tulifika mwezi mmoja baada ya kurudi. Hivyo mume wangu akasubiri duka la uwanja wa ndege. Usiku wa mwisho hotelini, mtaa wa Deira, masanduku yakiwa wazi kitandani, akaniambia mpango wake.

"Nachukua sita. Tatu zikae kwako, tatu kwangu. Tukifika, tunapita mlango wa kijani kama watu wengine."

Kumbe katoni ilikuwa imeshapungua nusu, na si kwa sababu yangu. Shirika la ndege ndilo lililompunguza. Kanuni za usalama wa anga zinasema pombe yenye kilevi cha zaidi ya asilimia 24 mpaka 70 haizidi lita tano kwa abiria, ikiwa kwenye chupa zake za dukani. Juu ya asilimia 70 haipandi ndege kabisa. Watu wawili ni lita kumi, kwa hiyo katoni ya baba mdogo ya lita 12 isingeruka hata angeitunza rubani. Akaamua sita, nadhani kwa aibu ya kurudi mikono mitupu.

Nikamuuliza: na afisa akiniuliza mimi, nina nini kwenye begi hili, nijibu nini?

"Mwambie ni zawadi."

Hapo ndipo tulipogombana, na nataka niwe mkweli kuhusu tulichogombania. Hela haikuwa shida. Tuna mishahara, tusingekufa. Wala sikuwa namfundisha dini. Nilichokiona ni kwamba ameshamwambia baba mdogo "hamna shida" kwa kutumia jina langu. Begi lile lina kitambulisho chenye jina langu. Pasi ni yangu. Anayetoa maelezo ya uongo forodhani, sheria ile ile inamtajia kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani, na haisemi "isipokuwa mke aliyeombwa na mumewe". Mume wangu anafanya kazi benki. Mimi nasaini hesabu za watu. Sisi wote wawili tunakula kwa sababu kuna mtu anayeamini sahihi zetu. Halafu tuziuze kwa chupa tatu za meza kuu?

Yeye naye alikuwa na lake, na lilikuwa na uzito. Aliniambia, taratibu, kwamba mimi sijui kuwa kaka mkubwa kulivyo. Baba yao alifariki wakiwa shule. Baba mdogo ndiye aliyelipa ada. Leo baba mdogo huyo anaomba kitu kimoja, kidogo, na jibu lake liwe jedwali la tano? "Nitamwambia nini, mke wangu? Kwamba lita moja?"

Jamani, mwanaume akikuambia hivyo saa saba usiku huna hoja. Nilikaa kimya muda. Kisha nikamwambia kitu ambacho mpaka leo naona kilikuwa sawa: nunua sita, lakini tupite mlango mwekundu. Kodi tutalipa nusu kwa nusu, mimi na wewe, baba mdogo asiguswe. Hiyo iwe zawadi yetu kwa ile ada.

Hakufurahi, lakini alikubali.

Duka la uwanja wa ndege walituuzia dirham 140 kila chupa ya lita moja, kama laki moja hivi ya kwetu. Wakazifunga kwenye mfuko wa plastiki wenye risiti ndani. Kama unaunganisha ndege mahali pengine, mfuko ule usifunguliwe mpaka ufike, maana ukifunguka tu kituo cha kati wanazichukua kama kimiminika kingine chochote kinachozidi mililita 100. Sisi tulikuja moja kwa moja, hiyo haikutuhusu.

Dar, alfajiri. Wenzetu wa ndege wanamiminika upande wa kijani, kila mmoja na masanduku matatu. Sisi tukaenda mwekundu, peke yetu, kama watu tuliopotea njia. Afisa alikuwa dada mmoja mpole, nadhani rika letu. Akatuangalia, akaangalia chupa, akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mmezileta wenyewe hapa?" Yaani hajazoea. Akachukua risiti. Mbili akaziweka pembeni, moja yake, moja yangu, hizo huru. Nne akazipigia hesabu.

Na hapa ndipo somo la hela lilipo, kwa hiyo vumilia namba kidogo. Chupa ya laki moja inaanza kwa ushuru wa forodha. Tangu Julai 2022 vinywaji hivi viko kwenye kundi la juu la Jumuiya, asilimia 35. Zamani ilikuwa 25. Laki moja inakuwa 135,000. Juu ya hapo unakuja ushuru wa bidhaa, ambao kwa pombe kali unahesabiwa kwa lita, si kwa bei, kwa hiyo chupa ya bei chee na ya bei mbaya zinalipa sawa. Kisha VAT ya asilimia 18, na hii haitozwi kwenye laki moja yako ya mwanzo. Inatozwa kwenye jumla, pamoja na kodi zilizotangulia. Kodi juu ya kodi. Ukiuacha ushuru wa bidhaa pembeni, 135,000 ukiongeza asilimia 18 unapata 159,300. Ongeza ushuru huo, VAT yake, na tozo ndogondogo, unaona inavyokwenda. Kwa chupa nne tulilipa zaidi ya laki mbili na nusu. Tukapewa namba ya malipo, mume wangu akalipa kwa simu, tukasubiri kama dakika arobaini, tukaondoka na stakabadhi.

Kwenye gari hakuna aliyeongea mpaka Tazara. Halafu mume wangu akapita duka moja la vinywaji lililokuwa limeshafunguliwa, akateremka, akarudi. "Unajua ile ile hapa ni bei gani? Laki na arobaini na tano."

Yaani chupa iliyolipiwa kodi zote, ikakaa dukani na faida ya mwenye duka juu, ilikuwa rahisi kuliko yetu. Ukifikiri kidogo si ajabu. Muagizaji analeta kontena na analipa kodi kwenye bei ya jumla ya kiwandani. Wewe na begi lako unalipa asilimia zile zile kwenye bei ya rejareja ya uwanja wa ndege, bei ambayo ndani yake kuna taa, marumaru na wale wasichana wa kukuonjesha. Ile lita ya kwanza isiyo na kodi ndiyo faida pekee ya msafiri. Kuanzia ya pili, kama hutaki kudanganya mtu, nunua Kariakoo. Na mwenye kudanganya anachokiokoa hapo ni tofauti ya elfu arobaini na tano kwa chupa, dhidi ya bei ya hapa. Kwa hiyo tulikuwa tukibishana usiku ule hotelini, kazi zetu mbili zikiwa mezani, kwa elfu arobaini na tano mara nne.

Kikao cha kamati Jumapili kilikuwa kigumu. Mweka hazina aliposikia tumelipa kodi kwa hiari alicheka mpaka akakohoa. Mjomba mmoja akasema mke msomi ni gharama. Wifi yangu, bibi harusi mwenyewe, hakusema kitu, lakini aliniangalia jicho ambalo mawifi wanalijua. Nilikaa. Nilikuwa nasubiri kuona kama mume wangu atasema "mke wangu ndiye aliyekataa". Ingekuwa rahisi, na ingekuwa kweli.

Akasimama, akasema, "Baba mdogo, zile nne tumekulipia kodi sisi. Usizidai kamati." Akakaa. Baba mdogo akatikisa kichwa, si kwa hasira, akauliza kama bado kuna hela ya mvinyo.

Ilikuwepo, kwa sababu ilibaki ya chupa sita ambazo hatukununua. Mvinyo tukaagiza wa Dodoma. Kuna watu kamati nzima iliwabidi wabembelezwe, maana kwao mvinyo usio na jina la Kifaransa si wa harusi. Lakini mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko mwingine, makusudi, ili wakulima wa kule wapate soko. Kwa hela ile ile meza zote zikapata, si meza kuu peke yake.

Jambo moja zaidi kwa wanaopanga harusi. Siku ya sherehe meneja wa ukumbi alizishika zile chupa sita akazigeuza geuza. Hazina stempu. Tangu 2019 pombe inayouzwa nchini inabeba stempu ya kodi ya kielektroniki, na mtu yeyote anaweza kuihakiki kwa simu. Chupa ya msafiri haina, hata ikiwa imelipiwa, kwa sababu si ya kuuzwa. Hakukubali ziguse kaunta yake, na alikuwa sahihi. Akikutwa nazo ni yeye. Tukamwonyesha stakabadhi, akaruhusu zikae meza kuu kama mali ya familia. Bila ile karatasi zingerudi kwenye buti la gari.

Wifi aliolewa vizuri. Baba mdogo alicheza mpaka saa nane. Stakabadhi iko kwenye faili la nyumba, kati ya mkataba wa pango na bima ya gari.

Desemba tunasafiri tena, na baba mdogo ameshapiga simu. Safari hii ni manukato, kwa ajili ya mama mdogo. Mume wangu alikuwa ameanza kusema "hamna..." akanigeukia, akaweka simu kwenye spika. Nikamweleza mzee kwa heshima zote: pafyumu na maji ya manukato jumla nusu lita kwa msafiri, na katika hiyo pafyumu yenyewe isizidi robo.

"Robo lita?" akauliza. "Si nyingi hiyo, mwanangu! Mimi nataka kachupa kamoja."